Kabla ya Kutoa Maoni Juu ya Fomu za Kilimo Marekani: Yaandae Haya Mapema

Jioni moja nilikaa jikoni kwa mama mmoja wa Uvira anayelima bustani pembezoni mwa mji wetu hapa Marekani. Mbele yetu kulikuwa na fomu ya kilimo ya serikali, na juu yake, kwa maandishi madogo, iliandikwa kwamba kuijaza huchukua wastani wa dakika 15. Nikaweka simu mezani, nikawasha saa. Tulimaliza dakika ya 70.

Hakuna aliyekuwa mzembe kati yetu. Fomu ilitaka ukubwa wa shamba kwa ekari, na yeye huhesabu shamba lake kwa vitanda. Ana vitanda 20, kila kimoja upana wa futi 4 na urefu wa futi 100. Ilibidi tuzidishe, tukapata futi za mraba 8,000, kisha tugawe kwa 43,560, ambazo ndizo futi za mraba za ekari moja. Jibu likawa kama ekari 0.18, bila njia za kupita. Fomu ilitaka mauzo ya kila zao kwa mwaka. Daftari lake limeandikwa kwa Jumamosi za soko: leo dola kadhaa, lengalenga na bamia pamoja, kwa mkupuo mmoja. Tukaanza kufunua ukurasa kwa ukurasa.

Naandika haya kwa sababu zile dakika 15 si neno la mwisho. Ni makadirio, na sheria inampa kila mtu nafasi ya kuyapinga. Wakulima wengi tunaozungumza Kiswahili hatuitumii nafasi hiyo, na tunapoitumia huwa tumechelewa au tumeandika jambo lisilohusika. Dawa ni maandalizi.

Kwanza uielewe sheria yenyewe kwa ufupi. Inaitwa Sheria ya Kupunguza Makaratasi, ilipitishwa 1980 na kuandikwa upya 1995. Ofisi yoyote ya serikali kuu inayotaka kuwauliza watu 10 au zaidi maswali yaleyale, iwe kwa karatasi, kwa simu au kwa kompyuta, lazima ipate kibali cha OMB, yaani Ofisi ya Usimamizi na Bajeti iliyo chini ya rais. Kibali hakizidi miaka 3. Kabla ya kukiomba, ofisi hutoa tangazo katika gazeti rasmi la serikali, Federal Register, na kuwapa watu siku 60 watoe maoni. Ikishapeleka ombi OMB, hutoka tangazo la pili lenye siku 30. Maana yake ni kwamba fomu ileile inayokusumbua mwaka huu itarudi kujadiliwa, na tarehe ya kurudi unaweza kuijua mapema.

Hapo ndipo pa kuanzia. Chukua fomu uliyonayo nyumbani, tazama juu pembeni. Utakuta namba ya OMB, tarakimu nne, kistari, kisha tarakimu nne nyingine. Zile nne za mwanzo zinakuonyesha ni ofisi ipi ndani ya Wizara ya Kilimo, USDA. Namba 0535 ni ya NASS, watu wa takwimu na sensa ya kilimo. Namba 0560 ni ya FSA, wale wa mikopo, misaada ya maafa na namba ya shamba. Namba 0579 ni ya APHIS, wanaoshughulika na afya ya mifugo na mimea. Namba 0584 ni ya FNS, ambao wanahusika na kadi za chakula, na ndio utakaokutana nao ukitaka kupokea kadi hizo kwenye meza yako ya soko. Mara nyingi karibu na namba hiyo huwa kuna tarehe ya kibali kuisha. Iandike ukutani. Siku 60 za kwanza, muda wa ofisi kupanga ombi, kisha OMB wenyewe wana hadi siku 60 za kuamua, kwa hiyo mchakato huanza miezi mingi kabla ya tarehe ile. Mimi huanza kuchungulia mwaka mzima kabla.

Na ikiwa karatasi au mpiga simu anakuuliza habari za shamba lako kwa jina la serikali kuu, mwombe namba hiyo. Sheria inasema mtu asiadhibiwe kwa kukataa kujibu maswali ambayo hayana namba halali ya OMB. Kwa jamii yetu, ambayo matapeli wa simu wameizoea, hili peke yake lina thamani kubwa.

Tangazo lenyewe halitafutwi kwa kubahatisha. Federal Register hutoka kila siku ya kazi tangu 1936 na husomwa bure kwenye intaneti. Unaweza kujiandikisha uletewe kwa barua pepe matangazo ya Wizara ya Kilimo tu. Ukitafuta, tumia maneno ya Kiingereza kama yanavyoandikwa huko, maana Kiswahili hakitakupa kitu. Kwa duru ya siku 60 tafuta "Information Collection" pamoja na jina la ofisi. Kwa duru ya siku 30, wizara hupenda kichwa "Submission for OMB Review; Comment Request". Usivunjwe moyo na vichwa vikavu hivyo. Ndani yake kuna maisha ya watu.

Ukilipata, usilisome kuanzia mwanzo hadi mwisho kama barua. Nenda kwanza kwenye aina ya ombi: ni fomu mpya, ni kuongeza muda tu, au ni marekebisho? Kama ni kuongeza muda bila kubadili chochote, ujue hakuna aliyepanga kurekebisha lile swali linalokutesa, na asipoambiwa litaendelea miaka mingine mitatu. Kisha nenda kwenye makadirio ya mzigo, yaani muda ambao fomu inawachukua wanaoijaza. Utaona idadi ya watu watakaojibu, mara ngapi kwa mwaka, muda wa kila jibu, na jumla ya saa. Piga hesabu mwenyewe. Watu 40,000 kwa dakika 15 kila mmoja ni saa 10,000 kwa mwaka. Wakiwa wanatumia dakika 45, ni saa 30,000. Hizo saa 20,000 za tofauti ni palizi ambayo haikufanyika, na hakuna mahali zilipoandikwa.

Sasa niseme lile ambalo kwangu ndilo kiini cha maandalizi yote. Pima muda wako kabla tangazo halijatoka. Maoni yanayosema "fomu ni ndefu sana" yatasomwa na kuwekwa kando, kwa sababu hayampi mtumishi wa ofisi kitu cha kufanyia kazi. Maoni yanayosema "sisi wakulima sita tulijaza fomu hii mwezi wa pili, muda wetu ulikuwa kati ya dakika 50 na 80, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye swali fulani kwa sababu fulani" yanampa ushahidi. Na ujue kwamba serikali inapohesabu mzigo haihesabu kuandika peke yake. Kusoma maelekezo, kutafuta rekodi, kuzipanga, kujaza na kupitia majibu, vyote vimo. Kwa hiyo ukipima, anza saa pale unapofungua bahasha. Muda wa kumsubiri kijana wako atoke shule akutafsirie, uandike pia, mbali, na ueleze ni nini.

Tafuta daftari moja la fomu, tofauti na la mauzo. Kila ukijaza, andika jina la fomu, namba yake ya OMB, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, swali lililokukwamisha, na nani alikusaidia. Weka nakala au picha ya fomu ikiwa tupu. Kazi ni hiyo tu, na baada ya msimu mmoja utakuwa na kitu ambacho hata ofisi yenyewe pengine haina: jinsi fomu yake inavyojazwa kwenye meza ya mkulima mdogo aliyekuja ukubwani na hakulelewa kwa Kiingereza.

Tangazo litakuuliza mambo manne, na karibu kila mara ni yaleyale kwa sababu yanatoka kwenye sheria. Je, habari hizi zinahitajika kweli na zitatumika? Je, makadirio ya mzigo ni sahihi? Je, ubora, manufaa na uwazi wa maswali vinaweza kuongezwa? Je, mzigo unaweza kupunguzwa, kwa mfano kwa kutumia kompyuta? Panga maoni yako chini ya maswali hayo. Kwa wakulima wetu, la tatu lina mengi. Zao lako halimo kwenye orodha, basi ngogwe na matembele vinatupwa kwenye "mengineyo", na takwimu zikitoka ni kama hatukulima. Shamba ni la ushirika, watu 15 kwenye ardhi moja ya kukodi, na fomu inadhani kuna mwenye shamba mmoja. Sema hivyo, na pendekeza maneno unayotaka yawekwe. La nne nalo uliangalie kwa makini, kwa kuwa ofisi nyingi hudhani kuhamishia fomu mtandaoni ni nafuu kwa wote. Kama wazee wenu hujaza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, au hawajui kufungua akaunti ya serikali, waombe karatasi ibaki.

Jambo la kuepuka: usitumie nafasi hii kulalamikia kiwango cha mkopo, bei ya mbegu au siasa. Malalamiko hayo yana milango yake. Hapa tunazungumzia maswali na karatasi, na anayechanganya hupoteza nguvu yake.

Kuna watu huniuliza kama asiye raia anaruhusiwa. Ndiyo, maoni ni ya yeyote. Lakini hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu faragha ya fomu na faragha ya maoni ni vitu viwili. Majibu unayoipa NASS yanalindwa na sheria; hayawezi kutolewa kwa jina lako wala kutumika kukutoza kodi. Maoni yako, kinyume chake, ni ya hadharani, na jina uliloandika litaonekana. Usiweke namba ya usalama wa jamii, anwani ya nyumbani, habari za hati zako za uhamiaji, wala jina la jirani ambaye hakukuruhusu. Anayeogopa anaweza kuzungumza kupitia chama cha wakulima au shirika linalowasaidia, na dakika zake zikahesabiwa bila jina lake.

Andika kwa Kiswahili kwanza. Mawazo hutoka yakiwa kamili katika lugha uliyolimia. Kisha mtafute mtu wa kutafsiri, na umpe siku zake. Usimletee jioni ya mwisho. Anza na jina la fomu na namba ya OMB, useme wewe ni nani na unalima nini, kisha vipimo, kisha mapendekezo. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Maoni mengi hutumwa kupitia tovuti ya Regulations.gov; kisanduku chake hupokea herufi 5,000, na barua ndefu zaidi huambatanishwa. Hata hivyo soma sehemu ya anwani kwenye tangazo, maana baadhi ya ofisi hupokea kwa barua pepe, na ile duru ya siku 30 hupelekwa OMB kupitia tovuti nyingine, Reginfo.gov.

Siku ya mwisho hesabu kwa saa za mashariki ya Marekani. Mlango wa Regulations.gov hufungwa saa tano na dakika 59 usiku za Washington, na aliyeko magharibi zaidi, kwa mfano mji wa Boise jimboni Idaho, huko kwake ni saa tatu na dakika 59. Tuma siku tatu kabla, na uhifadhi namba ya ufuatiliaji utakayopewa.

Wa kujiandaa kuliko wote sasa ni wale ambao hawajioni kuwa wakulima. Sensa ya kilimo hufanyika miaka inayoishia na 2 na 7. Ya 2022 ilihesabu mashamba 1,900,487, na inayofuata ni ya 2027. Shamba, kwa hesabu yao, ni mahali popote palipozalisha na kuuza, au ambapo kwa kawaida pangeuza, mazao ya dola 1,000 au zaidi kwa mwaka. Mama wa vitanda 20 anazivuka hizo dola katika msimu mmoja, na kujibu sensa ni lazima kisheria. Kwa hiyo hata kama hujawahi kupata msaada wowote wa serikali, fomu inaweza kukufikia, na una haki ya kusema inavyokuelemea.

Ukishatuma, usilale. Duru ya siku 30 itakapofunguliwa, ingia Reginfo.gov, tafuta ile namba ya OMB, ufungue maelezo ambayo ofisi imeyaambatanisha na ombi lake. Yana maswali 18 yenye namba. La 8 ndilo lako: hapo ofisi hutakiwa kueleza ilipokea maoni gani kwenye duru ya kwanza na imefanya nini. Ukikuta dakika zako zimetajwa na makadirio yamebadilishwa, waambie wenzako shambani. Ukikuta hazimo, una siku 30 za kuwaandikia OMB, ukiambatanisha barua yako ya kwanza na kurasa za lile daftari.