Uhasibu wa Kati Mtandaoni: Pita Salama Kwenye Hatifungani

Usitazame video za kozi hii kama tamthilia. Mwalimu akitoa swali, simamisha, kokotoa mwenyewe kwenye karatasi, ndipo uendelee.

Hatifungani (hati ya deni ambayo kampuni au serikali huuza ili kukopa) ndiyo inayoangusha wengi. Chukua ya shilingi 1,000,000, miaka 3, riba 10% kwa mwaka, wanunuzi sokoni wakidai riba ya 12%: itauzwa 951,963. Gharama ya riba mwaka wa kwanza ni 12% ya hiyo 951,963, yaani 114,236, wala si 100,000 inayolipwa taslimu. Tofauti, 14,236, inaongezwa kwenye deni: 966,199. Endelea hivyo kwenye Excel (simu itakutesa). Mwaka wa tatu deni lifike 1,000,000. Ukipata 1,011,963, umepiga 12% kwenye kiasi kilichoandikwa kwenye hati badala ya salio la deni.