Kuizuru Ufaransa ya Mashambani kwa Baiskeli, Mbali na Magari

Wengi wetu tulijifunza baiskeli utotoni, tukaiacha ukubwani kwa kuyaogopa malori na mabasi, na hata baada ya kuhamia Ulaya woga huo haukututoka. Kwa msomaji wa aina hiyo, mashambani mwa Ufaransa kuna njia ndefu na tambarare ambazo magari yamepigwa marufuku kisheria kuzipita. Hata hivyo, si kila njia inayotangazwa kuwa ya baiskeli iko hivyo, na wasiolijua hilo hujikuta, wakiwa na watoto na mizigo, kwenye barabara ileile waliyokuwa wakiikimbia.

Tangu Septemba 2004, kanuni za barabarani za Ufaransa zinaitambua voie verte kuwa njia ya vyombo visivyo na injini, watembea kwa miguu na wapanda farasi peke yao. Mwanzoni mwake huwekwa kibao cha mraba cha bluu, na gari utakaloliona humo ni la watunzaji wa njia au, mara mojamoja, la mkulima mwenye ruhusa ya kufika shambani kwake. Véloroute ni jambo jingine: ni mkondo mrefu wa safari uliounganishwa kwa vibao, ambao hupita kwenye voie verte pale ilipo, na pale isipokuwepo hukuingiza kwenye barabara ndogo za vijijini pamoja na magari. La Loire à Vélo, yenye urefu wa kilomita 900 hivi kutoka karibu na Nevers hadi Bahari ya Atlantiki, ni mashuhuri kuliko zote, nayo ni ya aina hii ya pili. Barabara zake nyingi ni tulivu kweli, lakini mwenye mtoto wa miaka minane anayeendesha mwenyewe asianzie huko. Ramani za tovuti ya France Vélo Tourisme hutenganisha vipande vilivyojitenga na vile vinavyochangia barabara na magari. Ni vyema kuzikagua kipande kwa kipande kabla ya kulipia malazi.

Njia zisizo na magari zimetokana zaidi na reli zilizoachwa na mifereji ya zamani. Reli nyingi za vijijini zilifungwa katika karne ya 20, magari na mabasi yalipochukua abiria wake, zikaacha matuta yasiyo na mwinuko mkali, kwa kuwa garimoshi halikuweza kuupanda. Ya kwanza kugeuzwa voie verte ni ile ya kati ya Givry na Cluny, katika Burgundy, iliyofunguliwa mwaka 1997: kilomita 44 zilizotiwa lami, kati ya mizabibu na malisho ya ng'ombe weupe, huku stesheni za zamani zikiwa bado zimesimama kando yake. Mbele ya Cluny, kuelekea Mâcon, kuna handaki la Bois Clair lenye urefu wa kilomita 1.6, ambalo hata katika joto la Agosti humlazimisha mtu kuvaa sweta. Majira ya baridi hufungwa ili popo wanaolala humo wasisumbuliwe, na msafiri hana budi kuukwea mlima kwa barabara.

Kwa wanaoishi London au kusini mwa Uingereza, iliyo karibu zaidi ni ile ya Avenue Verte, njia ya kutoka London hadi Paris iliyozinduliwa mwaka 2012. Unapanda feri Newhaven, unashuka Dieppe baada ya saa nne hivi, unakwenda kilomita chache hadi Arques-la-Bataille, na kutoka hapo reli ya zamani inakupeleka zaidi ya kilomita 40 hadi Forges-les-Eaux bila kuchanganyika na magari isipokuwa kwenye makutano. Wikiendi moja inatosha.

Lakini kama ningetakiwa kumshauri mtu safari moja tu, ningemtuma kwenye Canal de Garonne, kusini-magharibi. Mfereji huu ulikamilika mwaka 1856, nao unakwenda kilomita 193 kutoka Castets-en-Dorthe, kijiji kilicho kusini-mashariki ya Bordeaux, hadi Toulouse. Njia ya kando yake imetiwa lami, na mahali pekee penye kupanda ni kwenye milango ya maji inayonyanyua mashua, ambayo iko 53. Hapo utapanda mita chache kisha utaendelea sawasawa. Ukienda kilomita 45 hadi 50 kwa siku, siku nne zinatosha, na bado utakuwa na muda wa kusimama Moissac kwenye monasteri yenye ua uliojengwa mwaka 1100, au kuvuka mto Garonne huko Agen kwa daraja la mawe lenye urefu wa mita 539, ambalo juu yake mashua nazo zinavuka. Kinachonifanya niipendekeze kwa wageni, hata hivyo, ni reli ya Bordeaux–Toulouse, inayokwenda sambamba na mfereji. La Réole, Marmande, Agen, Moissac, zote zina stesheni. Mvua ikizidi, goti likiuma au mtoto akisusa, safari inaishia kwenye stesheni inayofuata, na hakuna aliyedhurika.

Ni afadhali kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa maana upepo wa kawaida hutoka Atlantiki na utakusukuma mgongoni. Ila karibu na Toulouse huvuma wakati mwingine upepo wa kusini-mashariki uitwao autan, na siku hiyo utachoka kwenye njia tambarare kuliko ambavyo ungechoka mlimani.

Baada ya Toulouse, mfereji unaitwa Canal du Midi, ule uliochimbwa kati ya mwaka 1666 na 1681 chini ya Pierre-Paul Riquet na ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996. Jina lake ni kubwa kuliko ubora wa njia. Kilomita 50 za kwanza ni za lami, lakini ukishaingia wilaya ya Aude uso hubadilika mara kwa mara: vipande vimetengenezwa vizuri, vingine ni vichochoro vya udongo vyenye mizizi. Aidha, miti mikubwa iitwayo platane iliyokuwa ikitia kivuli inakatwa kwa maelfu kutokana na ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa hapo mwaka 2006, kwa hiyo jua la Julai litakupata wazi. Mwenye baiskeli ya matairi mapana na uzoefu kidogo aende; familia iishie Toulouse.

Hata kwenye lami nzuri, mizizi hiyohiyo huinua uso wa njia ukawa vibonde na vibonge, hasa palipo na kivuli kizito ambapo huvioni mapema. Kwenye makutano mengi na barabara kuna vizuizi vya vyuma vilivyopandana, vyenye nafasi finyu. Baiskeli yenye mifuko miwili kwenye karia hupita kwa shida, na ya kuvuta kigari cha mtoto mara nyingine inabidi inyanyuliwe. Matairi ya upana wa milimita 35 au zaidi yanatosha. Chukua tyubu mbili, viraka, pampu na kiungo cha akiba cha mnyororo, kwa sababu fundi baiskeli hupatikana mjini tu, si kama kwetu ambako chini ya kila mwembe kuna mtu wa kuziba pancha. Asiyetaka kubeba yake anaweza kukodi, na wapo wakodishaji wanaokubali uichukue Bordeaux na kuirudisha Toulouse.

Sheria ni chache, na askari huzisimamia. Kuvaa vifaa vya masikioni au kushika simu huku ukiendesha ni faini ya euro 135. Mtoto wa chini ya miaka 12 lazima avae kofia ya kujikinga, awe anaendesha au amebebwa. Usiku taa ni za lazima, na nje ya mji vesti inayong'aa pia. Piga kengele mapema unapowafikia watembea kwa miguu, kwani njia ni yao pia. Namba ya dharura ni 112.

Chakula kinahitaji hesabu. Maduka ya vijijini hufungwa kuanzia saa sita au saa sita na nusu mchana hadi saa nane au zaidi, Jumapili mchana hakuna kitu, na Jumatatu nyingi hali ni hiyohiyo. Nunua mkate asubuhi, palepale unapoamka. Maji hupatikana kwenye mabomba ya makaburini, na wenyeji hawaoni vibaya. Epuka tu palipoandikwa "eau non potable", yaani maji yasiyofaa kunywa. Nyama ya nguruwe imo hata kwenye saladi, basi kwa Muislamu ni salama kutegemea samaki, mayai na jibini vijijini, na kutafuta bucha za halali Agen, Montauban au Toulouse. Mwezi Juni Magharibi huko huingia mnamo saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo mwanga wa kusafiri upo mwingi. Nasi tunaojua uzito wa salamu hatutapata taabu na desturi moja: anza na "Bonjour" kabla ya swali lolote, hata kama Kifaransa chako kinaishia hapo. Malazi yenye nembo ya Accueil Vélo yako ndani ya kilomita tano kutoka njiani na yana mahali salama pa kufungia baiskeli.

Kuhusu karatasi, kibali cha kuishi Uingereza au Ghuba hakimwondolei mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki sharti la viza ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ombi linaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Aliye Uingereza ahakikishe pia kwamba viza yake ya kielektroniki imeunganishwa na pasipoti anayosafiria, asije akakwama wakati wa kurudi. Mwenye kibali cha nchi ya Schengen, kwa mfano Ujerumani au Uholanzi, hahitaji viza kwa safari isiyozidi siku 90 ndani ya 180, lakini abebe pasipoti pamoja na kibali.

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi bora. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ni msimu wa kuwinda, hivyo anayepita msituni avae rangi kali na ageuze akikuta kibao cha "chasse en cours", yaani uwindaji unaendelea. Treni za mikoani, TER, hubeba baiskeli bila kuifungasha, lakini nafasi ni chache na baadhi ya mikoa hutaka ikatiwe tiketi wakati wa kiangazi; TGV, zile treni za kasi, hutaka ama nafasi iliyolipiwa ama baiskeli iliyofunguliwa na kutiwa kwenye mfuko wake. Kata kwanza treni ya kurudi yenye nafasi ya baiskeli, ndipo uzipange siku nyingine kwa kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo.