Mchana stesheni, usiku gemu: namna ya kununua PC bila kulizwa

Nina stesheni, yaani duka la kuchapa na kutoa kopi, Mbagala. Mchana kompyuta yangu inachapa barua za maombi ya kazi na kujaza fomu za watu. Saa mbili usiku nikishafunga, kompyuta hiyohiyo inakimbiza magari na kufunga magoli. Vijana wanaokuja kutoa kopi wakiona pedi ya kuchezea gemu pembeni ya printa, swali ni lilelile: "Kaka, nichukue PS4 ya mtumba au nitengeneze PC?"

Huwa nawajibu kwa swali: mchana itafanya kazi gani? Kama haina kazi, chukua PS4. Unachomeka kwenye tivi, unaweka CD, unacheza, na CD ukiichoka unaiuza au unabadilishana na jirani. Gemu ya PC uliyoinunua Steam, duka la gemu la mtandaoni, huwezi kumuuzia mtu, utakaa nayo mpaka kiyama. Tena wenzako watatu wakija kucheza mpira, kwenye kioo cha kompyuta cha inchi 19 mtagongana vichwa. Ila kama unasoma, unachapa, unahariri video za harusi, au una duka kama langu, PC itakurudishia hela yake na gemu utakuwa unacheza bure. Kwangu ilijilipa kabla ya mwaka kuisha.

Sasa tununue. Achana na zile zenye mataa ya rangi, bei yake ni ya mataa. Tafuta kompyuta ya ofisini iliyotumika, zile zinazoshuka na makontena. Yangu ni Dell OptiPlex 9020 yenye prosesa ya i5-4590, nimeitoa Kariakoo kwa laki mbili na nusu bila kioo.

Modeli hiyo ina maumbo zaidi ya moja. Kuna mnara, umeandikwa MT, na kuna jembamba, SFF. Hapa ndipo nilipolizwa. Mara ya kwanza nilichukua jembamba kwa sababu lilipendeza mezani na nililipakata kwenye daladala bila kugombana na konda. Wiki mbili baadaye nikanunua kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu. Nafungua boksi, kadi ina kimo kuliko boksi lenyewe! Fundi akashauri tukate bati. Aliyeniuzia kadi akasema mali ikitoka dukani hairudi. Nikaliuza lile jembamba kwa hasara ya elfu sitini, nikaanza upya na mnara.

Kwa hiyo chukua MT. Kama jembamba umeshalinunua, tafuta kadi ya kimo cha nusu, yenye kibati kifupi cha nyuma, na uende dukani na rula.

Jambo la pili ni umeme wa ndani. Pawa saplai ya 9020 MT ni wati 290, na plagi zake ni za Dell wenyewe, si zile za kawaida, hivyo kubadilisha ni usumbufu. Sloti ya kadi inatoa wati 75. Basi tafuta kadi inayotosheka na hizo 75, isiyo na tundu la kuchomeka waya wake wa umeme: GTX 750 Ti, GTX 1050 Ti au GTX 1650. Angalia kwa macho, maana viwanda vingine huziwekea tundu hata hizo. Mimi natumia 1050 Ti ya GB 4, kadi ya mwaka 2016. Gemu ya GTA V inakwenda laini kabisa. Gemu za miaka hii miwili mitatu nyingi zinanishinda, nami sizikimbilii.

Kadi feki zipo nyingi. Wanachukua kadi ya kizamani, wanaibadilishia programu ya ndani ili ijitambulishe kama 1050 Ti. Nenda dukani na flashi yenye GPU-Z, programu ya bure inayosoma kadi ni ya aina gani, uifungue palepale kabla hujalipa. Kadi ikiwa ya kughushi, mara nyingi itaandika FAKE mbele ya jina. Muuzaji akikataa usijaribu, muage kwa heshima.

Ukishaifunga, waya wa kioo uuchomeke kwenye kadi, si kwenye tundu la zamani la kompyuta. Unacheka? Nimeitiwa watu watatu wanaolalamika kadi mbovu, na wote tatizo lilikuwa hilo.

Rami, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, weka mbili za GB 4 badala ya moja ya GB 8, zikifanya kazi kwa jozi mwendo unaongezeka. Ziwe aina ya DDR3, za kompyuta ya mezani, za laptopu haziingii. Windows iweke kwenye SSD, ile diski ya kasi.

Gharama zinazouma zinakuja baada ya hapo. Yangu na kioo chake inakula kama wati 150 nikicheza. Nikicheza kwa muda wa saa tatu kila usiku, ni karibu uniti 13 na nusu kwa mwezi. Mita yangu ni ya duka, siumii sana. Lakini kama nyumbani mko kwenye bei ya watumiaji wadogo, mwisho wenu ni uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hutoka shilingi 100 kwenda 350 kabla ya kodi. Nyumba iliyokuwa inamaliza na 68 utaipitisha mstari, na mama mwenye nyumba atajua ni nani.

Bando ndiyo balaa kubwa zaidi. GTA V peke yake inazidi GB 100. Usishushe mwenyewe kama kuna rafiki anayo. Tangu 2023 Steam inahamisha gemu toka kompyuta moja kwenda nyingine kwenye mtandao mmoja wa ndani. Unganisheni kwa waya, mnywe chai, imeshafika.

Gemu za "kuvunjwa", yaani za wizi, zinazokuambia uzime antivirasi kwanza sizigusi, kwa sababu kwenye mashine hii kuna vyeti vya watu. Nimefungua akaunti mbili, ya kazi na ya gemu. Na hii i5 haikubaliki rasmi Windows 11, wakati msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo fanya hesabu ya mashine ijayo mapema. Za bure halali zipo tele: Dota 2, Rocket League, na Epic, duka jingine la mtandaoni, wanatoa gemu ya bure kila wiki.

Ukinunua Steam, soma kwanza mahitaji ya gemu, lakini usiyaamini sana. Hela inarudishwa ukiomba ndani ya siku 14 na hujavuka saa mbili za kucheza. Mimi nikifungua gemu mpya huweka alamu ya simu dakika 90. Ikilia nami bado nahangaika kupunguza vivuli na ubora wa picha ili isikwame, naomba hela yangu usiku huohuo.