Kabla hujaambiwa "mlete mwakani": namna ya kuisimamia elimu ya mtoto mwenye ulemavu

Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza huanza Oktoba, na Oktoba huku kwetu Mtama, mkoani Lindi, watu wote wako kwenye mikorosho. Unaokota, unaanika, unapeleka ghalani, unasubiri mnada. Ukija kunyoosha mgongo ni Januari, madarasa yamejaa, na mwalimu mkuu anakwambia mlete mwakani. Kwa mtoto mwenye ulemavu mwaka mmoja wa kukaa nyumbani huzaa wa pili, na huo wa pili huzaa jirani anayeuliza kwani huyu naye wa kusoma nini. Kwa hiyo muandikishe Oktoba hiyo hiyo, hata kama hujajua atakaa darasa gani. Namna atakavyosoma mtaijadili wakati jina lake limo tayari kwenye daftari la shule. Beba cheti cha kuzaliwa, au kadi ya kliniki kama cheti bado. Aliye chini ya miaka mitano hupata cheti bure kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata.

Mimi naitwa mama Somoe. Binti yangu ana mtindio wa ubongo: anatembea kwa kushika ukuta, mkono wa kulia haumtii, na maneno yake huja polepole ila huja yamekamilika. Wazazi wenzangu walinichagua kwenye kamati ya shule, na tangu hapo haipiti wiki bila mtu kubisha hodi jioni, mtoto mgongoni. Haya ndiyo ninayowaambia.

Sheria ijue kwa jina. Ni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kifungu cha kushika ni cha 27. Kinasema mtoto mwenye ulemavu ana haki sawa ya kupokelewa shule ya serikali au ya binafsi, asome shule ya kawaida isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu, na apewe huduma saidizi anazohitaji. Ipo pia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza kumbagua mtoto kwa ulemavu wake. Huhitaji kuingia ofisini ukigonga meza. Unaamkia, unakaa, unasema, "Mwalimu, nimesoma kifungu cha 27, naomba tukizungumzie." Utaona kiti kinavyosogezwa.

Lakini maneno ya ofisini hayana maisha marefu. Walimu huku Kusini huhamishwa, na mwalimu mzuri akihama anaondoka na yote aliyokuahidi. Anayekuja hamjui mwanao, na nyote mnaanza upya. Ndiyo maana kila jambo mimi nataka liwe barua: nakala mbili, moja ibaki shuleni, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, nirudi nayo nyumbani. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa sekondari. Maneno yenyewe ni machache:

"Mimi ni mzazi wa (jina), wa darasa la (…). Mwanangu ana (eleza anachoshindwa na anachoweza). Naomba apimwe mahitaji yake ya kujifunza, na baada ya hapo tukae kikao cha kumwandalia mpango binafsi wa elimu. Naomba nijibiwe kwa maandishi."

Hapo kwenye "anachoweza" wengi hupitiliza, na mimi hapo ndipo ninapokazania. Ukiandika tu kwamba hatembei, hasemi, hashiki, umeshawaandikia wao sababu ya kumkataa. Andika kwamba anahesabu noti za korosho bila kukosea, kama anahesabu.

Kupimwa kuna sehemu mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya hospitali: daktari anaeleza hali ya mwili, macho, masikio. Kwa Mtwara watu huenda Ligula, kwa Lindi ni Sokoine, na wa huku kwetu tuna Nyangao jirani. Omba maelezo ya maandishi, usirudi na dawa tu. Ya pili ni ya kielimu: mtoto anajifunzaje, anahitaji nini darasani. Hiyo iko chini ya halmashauri, na mtu wa kumtafuta ni afisa elimu maalumu wa wilaya. Wazazi wengi hawajui kwamba ofisi hiyo ipo. Mwalimu mkuu akikwambia hapa hatuna mtaalamu, jibu lako ni kwamba unaomba amwandikie afisa huyo, na unaomba nakala ya barua atakayoandika.

Majibu yakitoka usiyapokee mlangoni. Kaa, usomewe, uliza kila neno. Kama wameandika kitu ambacho nyumbani hukioni, sema pale pale kiandikwe kwamba mzazi ana maoni tofauti.

Sasa kikao. Wawepo mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu kama shule inaye, na wewe. Nenda na mtu mmoja wa kukushika mkono, awe shangazi au mjumbe wa kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji. Na mtoto aingie, hata kwa dakika chache. Sheria ya Mtoto inampa haki ya kutoa maoni. Sisi wakubwa tulikuwa tumeshakubaliana Somoe akae karibu na mlango ili atoke kwa urahisi. Yeye akasema hataki, kengele ikilia wenzake wanamkanyaga. Akahamia dirishani. Hakuna mtaalamu ambaye angelijua hilo.

Mpango ukiwa mzuri unasomeka kama orodha ya kazi za nyumbani: nani afanye nini, lini. "Mtoto atasaidiwa kadiri ya uwezo wa shule" ni sentensi ya kukupeleka nyumbani mikono mitupu, ikatae kwa upole. Wa Somoe ulisema: kalamu nene, asinakili yote ubaoni, mwalimu ampe maswali kwenye karatasi, kufikia Juni aandike jina lake lote, mwalimu wa darasa ampime kila mwisho wa mwezi. Mtoto mwenye ualbino aandikiwe kukaa mbele pasipo na mwanga mkali wa dirisha, kuvaa kofia hata mstarini, na maandishi makubwa, kwa sababu shida yake si ngozi peke yake, macho nayo yana uoni hafifu. Kiziwi aandikiwe mwalimu anayejua Lugha ya Alama. Asipokuwepo, hapo mimi husema waziwazi kwamba shule ya mbali yenye lugha hiyo na viziwi wenzake ni bora kuliko kukaa darasa la karibu asilolisikia. Kwa ulemavu mwingine sikubali haraka hivyo. Ukiambiwa "mpelekeni bweni", uliza kwanza hapa kimejaribiwa nini.

Choo! Hakuna anayetaka kukitaja kikaoni, nami nakitaja cha kwanza. Mtoto asiyeweza kuchuchumaa atakaa na haja tangu asubuhi, hatakunywa maji, mwisho atasema shule hataki, na watu wataandika "mtoro". Msichana akivunja ungo ndiyo basi kabisa. Omba tundu moja liwe na kiti, mlango mpana unaofungika kwa ndani, bomba la kushikilia ukutani na njia isiyo na ngazi. Ni kazi ya fundi wa kijijini. Ipeleke kwenye kamati ya shule iingie kwenye mpango wa shule, usiambiwe ni hisani.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi: shule ya msingi ya serikali ni bila ada, na ulemavu wa mwanao si sababu ya kutozwa kitu ambacho wengine hawatozwi.

Darasa la nne na la saba kuna jambo la kuwahi. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Wasioona hupewa mtihani wa nukta nundu, na wenye uoni hafifu maandishi yaliyokuzwa. Ila haya hayaji yenyewe siku ya mtihani. Mwalimu mkuu lazima awe ameonyesha aina ya ulemavu wakati wa kusajili watahiniwa. Mwanzoni mwa mwaka mwombe akuonyeshe usajili wa mwanao, usiridhike na "tumeshaandika".

Wakikukatalia, panda ngazi bila kuruka: mwalimu mkuu, afisa elimu kata, afisa elimu maalumu wa wilaya, kisha mkurugenzi wa halmashauri. Ukiruka utarudishwa chini na utakuwa umepoteza nauli. Afisa ustawi wa jamii mshirikishe mapema, hasa kama baba wa mtoto naye ndiye anayemficha ndani, maana sheria humbana mzazi pia. Wasaidizi wa kisheria wa wilayani hawatakiwi kukutoza, na SHIVYAWATA ndilo shirikisho la vyama vyenyewe vya watu wenye ulemavu. Juu ya hapo kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, nayo hupokea malalamiko bure. Ukiandika huko, ambatisha nakala za barua zako zote zenye muhuri, ya zamani kabisa ikiwa juu.