SOMO: Kunyanyua mzigo kwa lori la kreni na Manitou bila kulaza mashine

Wakuu, habari za kazi. Leo ni lori la kreni, na Manitou, yaani mashine ya magurudumu inayonyanyua kwa bumu (mkono wa chuma) linalorefuka kwenda mbele. Kila anayepiga simu kukodi kreni anauliza hivyo hivyo: "Ya tani ngapi?" Hilo ni nusu ya swali. Kreni ya lori haina uwezo mmoja, ina uwezo wake kwa kila mita. Uliza tani ngapi kwa mita ngapi, ndipo mtaelewana na mwenye mashine.

Hatua ya 1: Jua uzito wa mzigo

Jenereta lina kibao ubavuni, kisome. Zege ni kama tani 2.4 kwa mita moja ya ujazo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10 na ushee, kwa hiyo hesabu nondo zako. Tangi hakikisha limemwagwa maji yote, maana lita 1,000 ni tani nzima. Jibu la "si zito hilo" usilipokee.

Hatua ya 2: Pima umbali, na upimie mahali sahihi

Hapa wengi wanapotea. Wanapima kutoka ubavu wa lori mpaka ukutani, wanafurahi. Umbali unaohesabika huanzia katikati ya nguzo ya kreni mpaka ndoano itakaposimama.

Chukua mfano. Una jenereta la kilo 1,600 la kupandisha kwenye slebu. Ukuta uko mita 6 kutoka ubavu wa lori, na jenereta likae mita 1 ndani ya ukuta. Ongeza nusu ya upana wa lori, kama mita 1.25. Jumla mita 8.25. Kreni uliyoletewa "ni ya tani 5", lakini chati ya uwezo iliyobandikwa karibu na levu (vishikio vya kuendeshea) inaonyesha tani 5 hizo ni kwa mita 2.4. Zidisha, unapata 12. Gawa kwa 8.25, inabaki chini ya tani 1.5, na chati yenyewe itakupa pungufu ya hapo kwa sababu bumu likinyooka nalo lina uzito wake. Jenereta halipandi. Sogeza lori au tafuta kreni kubwa zaidi.

Chati ndiyo neno la mwisho. Hesabu ya kichwani ni ya kukataa kazi tu, si ya kuikubali. Angalia pia upande: kreni nyingi zilizofungwa nyuma ya kabini hupungua nguvu zikigeuziwa mbele.

Hatua ya 3: Ardhi na jeki

Toa jeki zote, yaani miguu inayotoka ubavuni kushikilia lori, pande zote, mpaka mwisho. Najua saiti nyingi zimebana, lakini jeki iliyotoka nusu inabadilisha chati nzima.

Mguu mmoja unaweza kubeba tani 6. Sahani yake ikiwa sentimita 20 kwa 20, ardhi inakandamizwa kwa tani 150 kwa mita ya mraba. Weka chini yake mbao nene, ngumu, ya sentimita 60 kwa 60, inashuka mpaka chini ya tani 17. Ndiyo kazi ya zile mbao ambazo utingo huzionea uvivu kuzishusha.

Kabla ya mbao, uliza mwenyeji: shimo la choo liko wapi? Mitaani Dar mashimo mengi yamefunikwa kwa slebu nyembamba na juu yake pamemwagwa mchanga, huoni kitu. Kando ya mtaro, kaa mbali angalau sawa na kina chake.

Hatua ya 4: Funga mzigo

Mikanda miwili ikisimama nyuzi 60 kutoka usawa wa mzigo, kila mmoja unavutwa kwa asilimia 58 ya uzito. Ikilala mpaka nyuzi 30, kila mmoja unabeba uzito wote. Ongeza urefu wa mkanda.

Hatua ya 5: Nyanyua kidogo, simama

Sentimita 20, basi. Nenda upande wa pili wa lori, sukuma mbao ya jeki kwa mguu. Ikicheza, shusha mzigo. Isipocheza, endelea polepole. Mtu mmoja tu ndiye anayetoa ishara.

Manitou na ndugu zake

Jina lenyewe linakupa mwanga. JCB 535-95 ni tani 3.5 na mita 9.5, Manitou MT 1440 ni mita 14 na tani 4. Lakini tani hizo si za bumu lililonyooka. Ukishusha, rudisha bumu ndani kwanza ndipo uliteremshe. Ukiliteremsha likiwa limenyooka, mzigo unazidi kwenda mbali na mashine inainua makalio.

MASWALI YA WANACHAMA

Utingo wa Mbagala: Kaka, alamu ya kuzidisha mzigo ikilia bosi anasema tugeuze ule ufunguo wa kuizima. Tufanyeje?

Jibu: Ufunguo ule ni wa kujinasua, mfano kurudisha bumu likikwama. Si wa kunyanyulia. Mwambie bosi ashike levu yeye.

Mama Fundi: Shikamoo mwalimu. Naezeka ghorofa mbili, nikodi ipi?

Jibu: Marahaba mama. Kama kenchi na bati zinapanda siku moja, lori la kreni linatosha, linakuja na mzigo wake na kuondoka. Kama kazi ni wiki nzima ya tofali na saruji, Manitou itakulipa. Bati zipandishe asubuhi. Kusi likivuma mchana zinageuka tanga.

Opereta Kahama: Naweza kumpandisha fundi kwenye ndoano, dakika mbili tu?

Jibu: Hapana. Mtu anapanda kwenye kikapu kilichotengenezwa na kuidhinishwa kwa mashine hiyo.

Dereva wa Mwanza: Bumu likigusa waya wa umeme?

Jibu: Ukiwa ndani ya kabini baki humo, jaribu kuliondoa bumu, wengine wakae mbali mpaka umeme ukatwe. Moto ukiwaka ruka bila kushika mashine na ardhi kwa pamoja, utue miguu imebana, uondoke kwa kurukaruka hivyo hivyo. Tatizo la kreni zetu ni kwamba wengi tunaendesha tumesimama chini, mkono kwenye levu, na hapo hakuna nafasi ya pili. Kama ina rimoti, itumie ukiwa mbali na lori. Kama haina, usifungue bumu karibu na nyaya. Wapigie TANESCO wazime kwanza.