Jina la jedwali: herufi ndogo, umoja, lugha moja

Jina la jedwali huandikwa mara moja, kisha hurudiwa katika kila hoja (query), kila ripoti na kila programu itakayogusa hifadhidata hiyo. Kanuni iamuliwe kabla ya CREATE TABLE (amri ya kuunda jedwali) ya kwanza.

Anza na herufi. Tumia herufi ndogo tupu, na maneno uyatenganishe kwa mstari wa chini: oda_bidhaa, si OdaBidhaa. Mifumo ya hifadhidata haikubaliani hapa: PostgreSQL hugeuza jina lisilo na alama za kunukuu kuwa herufi ndogo, Oracle huligeuza kuwa herufi kubwa, na MySQL hutofautisha Mteja na mteja kwenye Linux lakini si kwenye Windows. Ndiyo maana programu iliyokwenda vizuri kwenye kompyuta ya Windows hukwama siku inapopandishwa kwenye seva ya Linux. Kwenye PostgreSQL mtego ni mwingine. Zana ikiunda jedwali kwa kuliwekea alama za kunukuu, jina hubaki "Mteja". Ukiandika SELECT * FROM Mteja unajibiwa relation "mteja" does not exist, na jedwali unaliona kwa macho yako. Tiba yake:

ALTER TABLE "Mteja" RENAME TO mteja;

Umoja au wingi? Wanaotumia majina ya Kiingereza wana hoja nzuri pande zote mbili. Kwa majina ya Kiswahili, chukua umoja. Wingi wetu hubadilika mwanzoni mwa neno, tena kwa ngeli: mteja huwa wateja, kitabu huwa vitabu, bidhaa hubaki bidhaa. Ukitumia umoja, jedwali mteja na ufunguo wa kigeni (safuwima inayoelekeza kwenye jedwali jingine) mteja_id vinafanana, na anayeunganisha oda.mteja_id = mteja.id hana cha kukisia. Maneno kama malipo na mauzo yaache yalivyo. Usiyabunie umoja usiosemwa na mtu.

Laravel na Rails, fremu za kuundia programu za wavuti, hukisia jina la jedwali kwa kulitia jina la modeli (darasa linalowakilisha jedwali ndani ya msimbo) wingi wa Kiingereza, hivyo modeli Mteja itatafuta jedwali mtejas. Litaje jina mwenyewe ndani ya modeli. Laravel:

protected $table = 'mteja';

Rails:

self.table_name = "mteja"

Kiswahili au Kiingereza, vyote vinafaa. Kisichofaa ni kuchanganya, kama customer_malipo. Ukichagua Kiingereza, epuka user, order na group, maana ni maneno ya SQL yenyewe. Order italeta kosa la sintaksia papo hapo. User ni hatari zaidi: kwenye PostgreSQL, SELECT * FROM user hailalamiki, inarudisha safumlalo moja yenye jina la akaunti uliyoingilia, na mtu anaweza kupoteza asubuhi nzima akitafuta data yake. Mtumiaji, oda na kundi hazina shida hiyo.

Usitangulize tbl_. Kesho jedwali likigeuzwa kuwa mwonekano (view, yaani hoja iliyohifadhiwa inayosomwa kama jedwali), jina litakuwa linadanganya. Vifupisho kama mtj na bdh navyo viache, ila urefu una mpaka: baiti 63 kwenye PostgreSQL, herufi 64 kwenye MySQL, na baiti 30 tu kwenye Oracle kabla ya toleo la 12.2. PostgreSQL hukata kinachozidi na kutoa taarifa ndogo ambayo wengi hawaisomi. Wa kwanza kuumia ni majina ya faharasa (index), kwa kuwa hubeba jina la jedwali pamoja na la safuwima: mawili yakikatwa yakawa sawa, la pili linakataliwa. Jedwali lisipite herufi 30.

Jedwali la kati, linalounganisha wengi kwa wengi, linaweza kuitwa mwanafunzi_somo. Likishabeba tarehe na alama, lipe jina la kitu chenyewe: usajili.

Kubadili jina kwenye mfumo unaotumika, fanya ndani ya muamala (transaction) mmoja (huu ni wa PostgreSQL):

BEGIN;
ALTER TABLE tbl_customer RENAME TO mteja;
CREATE VIEW tbl_customer AS SELECT * FROM mteja;
COMMIT;

Funguo za kigeni hufuata jina jipya zenyewe. Programu za zamani zitaendelea kusoma na kuandika kupitia mwonekano huo, mradi uwe umeupa GRANT (ruhusa) zilezile za jedwali, maana mwonekano mpya haurithi ruhusa. Futa mwonekano huo pale tu utakapokuwa umeshatafuta tbl_customer kwenye msimbo wote, pamoja na funksheni zilizoandikwa ndani ya PostgreSQL kwa lugha yake ya PL/pgSQL, ambazo huhifadhi jina la zamani kama maandishi.