Uzito Kwanza: Kuandaa Gari la Kulala Kabla ya Kutoka Mombasa

Gari la kulala, yaani vani iliyowekewa kitanda, jiko na tanki la maji, hubeba nyumba nzima juu ya ekseli mbili zilezile ilizotoka nazo kiwandani. Kwa hiyo, iwe unaelekea Diani au Tsavo, jambo la kwanza kulijua ni uzito.

Tafuta bamba la mtengenezaji, ambalo aghalabu hubandikwa kwenye nguzo ya mlango wa mbele au chini ya boneti. Bamba hilo hutaja uzito wa juu ambao gari halipaswi kuupita likiwa limejaa watu, mafuta na mizigo, na mara nyingi hutaja pia kikomo cha kila ekseli. Uzito wa gari tupu ulioandikwa kwenye logibuku usiutegemee, kwa maana ulipimwa kabla fundi hajaongeza mbao, betri na paneli za sola. Lipime upya kwenye mizani ya mizigo. Panda kwanza kwa magurudumu ya mbele peke yake, usome, kisha uingize gari zima. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni mzigo wa ekseli ya nyuma, ambayo kwa kawaida ndiyo inayolemewa hata pale jumla inapokuwa halali.

Tuchukue mfano wa gari ambalo kikomo chake ni kilo 2,800, na ambalo baada ya kutengenezwa, tanki la mafuta likiwa karibu tupu, lina kilo 2,150. Zimebaki kilo 650, nazo huonekana nyingi mpaka uanze kuhesabu. Watu wanne wa kilo 75 kila mmoja ni 300. Lita 80 za maji ni kilo 80 kamili, lita 65 za dizeli ni kama 55, na mtungi wa gesi wa kilo 13, ukijumlisha chuma chake, hukaribia 27. Hema la juu ya paa ni 60 hivi, friji pamoja na vyakula 45. Umebakiwa na kilo 83 za nguo, magodoro, viti, vifaa na madumu ya akiba. Ushauri wangu ni kupunguza maji: yajaze karibu na kambi badala ya kuyabeba kutoka nyumbani.

Vitu vizito vipange chini, katikati ya ekseli mbili, na uvifunge kwa mikanda, kwa sababu betri iliyolegea huruka mbele gari linapofunga breki ghafla. Keria iwe ya vitu vyepesi. Nyuma ikizidiwa, taa za mbele huinuka na kumpofusha dereva wa lori anayekuja, usukani huwa mwepesi kupita kiasi, na bampa hukwaruza kwenye mlango wa feri pale Likoni.

Tairi zinastahili uangalifu wa pekee, kwani joto la kule Maungu na Voi, likichanganyika na mzigo mkubwa na upepo mdogo ndani ya tairi, hupasua hata tairi ambayo kashata zake, yaani mikato inayokanyaga barabara, bado ni nzuri. Soma namba ya uwezo iliyo ubavuni: 104, kwa mfano, ni kilo 900 kwa tairi moja. Soma pia tarakimu nne za tarehe. 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo upimwe asubuhi kabla ya kuendesha, kwa kiwango cha gari lililojaa, na tairi ya akiba isisahauliwe.

Hewa ya chumvi ya pwani hula mabomba ya breki na viungo vya gesi, hivyo mwombe fundi avikague vyote kutoka chini. Mtungi usimame wima, gesi yake ifungwe wakati wote wa mwendo, na sakafu karibu nao iwe na tundu la kutolea hewa, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Paka viungo povu la sabuni uone kama panatoka mapovu. Jiko lisitumiwe kupashia joto gari lililofungwa. Kizimamoto kiwe karibu na mlango, pamoja na pembetatu za kuakisi na sanduku la huduma ya kwanza.

Ukishapita Mariakani, simama mahali salama nje ya barabara, kaza upya nati za magurudumu, na upeleke kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa: iliyo moto kuliko wenzake ina breki inayoshika au beringi inayokufa, na safari isiendelee kabla haijafunguliwa.